Themanini, na Jumapili Arobaini

Hulda Mlowe alikuwa na chumba kimoja, sanduku moja na mgonjwa mmoja. Mchungaji Sila alikuwa na mahindi.

Tuanzie kwenye mahindi, maana ndiyo yaliyoleta maneno. Chumba alichopewa Hulda katika hospitali ile ya misheni, nje kidogo ya Njombe, kilikuwa ghala. Magunia yakatolewa, sakafu ikafagiliwa, mlangoni pakagongomelewa kibao cha MAZOEZI YA VIUNGO, na mahindi yakahamishiwa banda la nyuma lenye bati linalovuja. Mchungaji Sila, msimamizi wa makanisa yote mpaka Makambako na mwenyekiti wa halmashauri ya hospitali, hakuweza kupita pale bila kuzamisha mkono ndani ya gunia, kunusa alichotoa, na kutikisa kichwa. Ukungu. Kila punje iliyoharibika aliiandika moyoni kwa jina la Hulda.

Na Hulda alitokea wapi? Alitokea kwenye beseni. Miaka tisa alifua bandeji za hospitali, na mtu asiyejua maji ya Njombe ya mwezi wa sita asinisimulie habari za baridi. Jioni alikuwa akikaa juani na wale bibi waliolazwa, anasugua vidole vyake mpaka vipate uhai, kisha anasugua na vyao, anavikunja, anavikunjua, huku anawapigia soga. Daktari, Mzungu mmoja mrefu asiyependa kelele, alimtazama wee, kisha akampeleka Dar es Salaam miezi sita kwa Sista aliyekuwa akiwanyoosha viungo askari waliotoka vitani. Hulda akarudi na cheti na sanduku. Ndani ya sanduku mlikuwa na mpira mmoja wa tenisi, kamba na kapi lake, mfuko wa mchanga wa ratili tano, na ubao wenye matundu ya kuchomeka vijiti. Hivyo tu. Lakini alivyolibeba sanduku lile ungesema limebeba sakramenti.

Mwaka wa kwanza haukwenda vizuri, tusifichane. Mgonjwa mmoja alitoroka na mkongojo. Mwingine alipona kabla hajaguswa. Bibi Teodora wa Matembwe, aliyevunjika bega, alipoambiwa ainue mikono mara kumi na ashushe mara kumi, aliamini anaadhibiwa. Alipofika mara ya sita akaanza kulia, akaungama kwamba yule jogoo wa jirani ni yeye aliyemla, naye yuko tayari kumlipa, basi waache kumtesa. Habari ikamfikia Mchungaji. Kwenye kikao cha Desemba akasema hana ugomvi na dada Hulda, ila mahindi nayo yana haki yake. Wiki moja baada ya Pasaka halmashauri itakuja chumbani, ionyeshwe mgonjwa hata mmoja ambaye mkono wake ulikufa na sasa unafanya kazi. Akikosekana, magunia yarudi ndani na Hulda arudi kwenye beseni.

Daktari alijaribu kumtetea, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha kupima homa, hakikufaa kwa mabishano. Hulda alitoka kikaoni akaenda kulitazama beseni. Lilikuwa pale pale, nyuma ya chumba cha dobi, karibu na ile mianzi iliyopandwa kuzuia udongo wa mteremko. Aliliona linamngojea, akachukia mpaka machozi yakamtoka.

Mgonjwa aliyebaki alikuwa Mzee Hezekia Mwalongo wa Makambako.

Huyu hakuwa mtu wa kubahatisha. Miaka ishirini na nane alikuwa mwandishi wa kanisa na mzee wa kanisa, na hakuna mtoto wa Kilutheri aliyebatizwa pale asiwe na cheti kilichoandikwa kwa mkono wake. Na mwandiko! Ile H ya jina lake aliianza polepole, akaipandisha, akaishusha, kisha akaivutia mkia uliopita chini ya jina lote mpaka ukingoni mwa karatasi. Watu walikuwa wakileta wageni waje kuuona mkia ule. Mwezi wa Oktoba, akiwa kwenye H ya cheti cha mtu, kalamu ikamponyoka. Kiharusi. Upande wote wa kuume ukalala. Akapelekwa Njombe juu ya magunia katika lori la Yosefu, dereva ambaye kwa heshima ya mgonjwa alijizuia kupiga honi njia nzima.

Mdomo ulirudi baada ya wiki mbili, mguu ukaanza kuburuzika, mkono ukakataa. Siku ya kutoka hospitalini karani alileta wino, akamshika dole gumba la kushoto, akaligandamiza kwenye daftari. Hezekia akageuzia uso ukutani. Hulda alipomuuliza kama anaumwa, alisema, "Nusu ya Makambako nimeifundisha kuandika jina. Leo mimi nachovya dole."

Tangu pale, mkono ule haukuwa tena mkono wa kuonyesha halmashauri tu. Ulimkaa rohoni.

Basi kila Jumanne Hulda alipanda lori la Yosefu kwenda Makambako, kwenye njia panda yenye upepo wa kukata masikio, malori ya Iringa na ya Mbeya yamejipanga, madereva wanakunywa chai wamejifunika makoti. Alimwachia mzee vyombo vyote vya sanduku, akamwonyesha la kufanya: mpira akamue, kamba avute, mchanga anyanyue, vijiti achomeke. Nyumbani palikuwa na mkwewe tu, Emilia, mke wa mwanawe aliyekwenda kufanya kazi Tukuyu. Hulda akamwagiza Emilia asimame pale kila asubuhi na jioni, amshike mzee mkono, ahesabu.

Hapo ndipo Hulda alipokosea, tena kosa la kusoma sana. Huko Dar es Salaam Sista alisema ndugu wa mgonjwa wamsimamie, na Hulda akaliandika. Sista hakuwa mtu wa Ubena. Ni mwanamke gani mwenye adabu zake atakayesimama kumshika mkono baba mkwe, amkazie macho akiwa chali kwenye mkeka anarusha mguu juu? Emilia alisema ndiyo, dada, kwa sababu kusema hapana kwa mtu wa hospitali nako si adabu. Kisha akaingia jikoni, akaupa ua mgongo, na mzee alipomaliza, au aliposema amemaliza, alipaza sauti kutoka nje na Emilia akachora mstari wa mkaa ukutani. Wote wawili walikuwa radhi kabisa na mpango huo.

Wiki tano za kwanza hapakuwa na kitu. Mzee alisema mpira ni wa watoto na Wazungu. Aliutazama kama mtu aliyepewa yai la mwaka jana. Hulda alimbembeleza, akamkaripia, akamwimbia pambio. Mkono ukabaki kama wa kuazima.

Halafu, katikati ya Januari, mvua zimekolea, akafika akakuta kidole cha shahada kinatikisika. Jumanne iliyofuata, viwili. Mwisho wa Februari Mzee Hezekia alimpokea amesimama mlangoni, bila fimbo, akamwamkia kwa Kibena, "Kamwene," akampa mkono wa kuume. Ulikuwa mlegevu, wenye joto, lakini ulishika. Hulda alisahau adabu zote za hospitali, akapiga kigelegele mpaka madereva wakaacha chai zao.

"Mara ngapi kwa siku, Baba?" aliuliza, penseli tayari.

"Themanini."

"Kila siku?"

"Kila siku. Jumapili arobaini."

Hulda aliandika. Jumapili arobaini! Aliguswa sana. Mtu aliyeumia hivi na bado anaipa siku ya Bwana nusu ya mazoezi yake. Alimsimulia Daktari, Daktari akamsimulia Mchungaji Sila, na Mchungaji, ambaye hakuwa mtu mbaya, alikiri kwamba hilo limemfurahisha, ingawa alitaka kwanza auone huo mkono. Hulda akaanza kulala vizuri. Akapaka kibao cha mlangoni rangi mpya.

Ikafika wiki ya kabla ya Pasaka. Jumanne lori la Yosefu lilivunjika springi, wakaenda Jumatano. Hulda akafika nyumbani kwa mzee siku isiyo yake, akamkuta Emilia peke yake, naye Emilia alipomwona alidondosha mwiko.

Mzee yuko wapi? Yuko mazoezini. Mazoezini wapi? Emilia akaonyesha kwa kidevu, bondeni, akajifanya anatafuta mwiko ambao ulikuwa mbele ya miguu yake.

Bondeni alikaa Mzee Odilo. Hapa inabidi niseme, maana kila mtu Makambako alijua. Odilo alikuwa Mkatoliki, na mgema ulanzi, ile pombe ya mianzi. Shamba lake la mianzi lilikuwa karibu mno na kanisa la Kilutheri kwa kuwa kanisa lilijengwa karibu mno na shamba lake. Miaka saba nyuma, Mzee Hezekia aliongoza vijana wa kanisa wakiwa na mashoka, wakaimba, wakaifyeka mianzi ya Odilo yote mpaka chini. Mvua zilizofuata ikachipua mara mbili ya ile ya mwanzo, na tangu siku hiyo wazee wale wawili hawakuamkiana. Lakini siku hizi Odilo macho yalikuwa yameingia ukungu. Na kugema ulanzi kunataka macho: ncha ya chipukizi changa inakatwa asubuhi na jioni, utando mwembamba tu, ndipo maji matamu yadondokee kwenye mbeta, kile kipande cha mwanzi kinachofungwa chini yake. Ukikata nene, chipukizi linakufa na msimu wako umekwisha.

Hulda aliteremka akiteleza kwenye matope, akasimama nyuma ya shina la kwanza.

Kamba yake ilikuwa imefungwa kwenye mwanzi mrefu, inapita kwenye kapi, inauinamisha mpaka usawa wa kifua cha mtu. Upande wa pili umening'inizwa mfuko wake wa mchanga, ratili tano kamili, kuushikilia usirudi juu. Mpira wa tenisi ulikatwa vipande, navyo vilikuwa vizibo. Vile vijiti vya ubao viligeuzwa vigingi. Hakuna kilichopotea, hilo lazima tumpe haki yake. Kila chombo cha hospitali kilikuwa kazini.

Na katikati ya yote, Odilo ameshika chipukizi kwa mikono miwili, amelituliza, amefumba macho, na mbele yake amechuchumaa mzee wa kanisa, kisu cha kugemea mkono wa kuume. Kisu kikapita. Utando ukaanguka, mwembamba mpaka mwanga unapenya. Hezekia akachungulia ndani ya mbeta, akaonja kidogo, akafikiri, akaitikia kwa kichwa kwamba ulanzi ni mzuri, wakahamia shina linalofuata. Alipanda ule mteremko kwa mguu wake mbovu bila kushikwa na mtu.

Hulda alihisi furaha na hasira kwa pamoja, na hasira ikawahi mdomoni.

Sitayaeleza yote aliyosema. Alisema kuhusu mpira, ambao ulitoka ng'ambo. Alisema kuhusu ripoti nane zilizoko kwenye faili la Daktari. Alisema kuhusu mzee wa kanisa anayesema uongo kwa mwanamke asiye na baba. Hezekia alisikiliza kwa unyenyekevu, kisha akajibu kwamba hakusema uongo. Mashina arobaini, asubuhi na jioni, ni themanini. Jumapili asubuhi yuko kanisani, zinabaki arobaini. Yeye aliulizwa mara ngapi, hakuulizwa mara ngapi za nini.

Habari yenyewe Odilo ndiye aliyeisimulia, akitafuta uso wa Hulda kwa masikio. Januari ile alikuwa akikata ovyo, mashina mawili yameshakufa, na Hezekia, aliyekuwa ameketishwa uani juu pale ili akamue mpira, akawa anaona yote. Siku ya kwanza alipiga kelele kutoka juu: nene hiyo! Siku ya pili akateremka kwa makalio, kwa kuwa mguu haukuweza, akakaa anaelekeza kwa mdomo. Siku ya nne Odilo akakata nene tena, na Hezekia akakasirika, akamnyang'anya kisu. Wote wawili walikaa wakikitazama kile kisu, mmoja kwa macho, mwingine kwa vidole, ndipo walipogundua kimo katika mkono gani.

Hulda aliketi kwenye gogo. Karibu yake mbeta zilikuwa zimepangwa, kila moja imechongwa alama. Za chini zilikuwa mikwaruzo tu ya mtu asiyeweza. Za katikati zilikuwa vijiti viwili vilivyoachana. Za juu zilikuwa H. Alipouliza, Hezekia alisema upesi kwamba ni alama ya kuzuia wezi.

"Anakunywa?" Hulda alimuuliza Odilo.

"Anaonja tu. Kila mbeta, ajue haijaharibika."

Hulda akapiga hesabu ya maonjo, akaiacha njiani.

Mzee Hezekia alimwomba jambo moja tu. Watu wasijue. Aliyefyeka mianzi akisikika anaigema, atavuliwa uzee wa kanisa mbele ya watoto aliowaandikia vyeti, na Makambako itacheka mpaka mavuno. Hulda akaapa hatasema. Wakapatana kwamba siku zilizobaki mzee afanye mazoezi ya kweli, ya ubao, na Hulda akarudi Njombe kuomba mpira mwingine kwa watoto wa Mzungu mmoja.

Jumatatu baada ya wiki ya Pasaka wazee wale wawili walifika kwa lori la Yosefu wameshikana mikono, Hezekia akiwa ndiye macho na Odilo ndiye fimbo. Odilo akaachwa nje juani. Chumbani walisimama Daktari, Mchungaji Sila, na Hulda aliyevaa sare iliyopigwa pasi mara tatu.

Mambo yaliharibika tangu mwanzo. Hezekia alimwona Mchungaji, akaukumbuka uzee wake wa kanisa, na mkono ukaanza kutetemeka. Akapewa mpira, ukamponyoka, ukabingirika chini ya kabati. Akapewa vijiti, vikatapakaa. Akaambiwa afunge kifungo cha koti, akahangaika nacho mpaka Daktari akageuka kutazama pembeni kwa huruma. Kila aliposhindwa alimwangalia Hulda kama mtoto aliyemwangusha mwalimu, na Hulda alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma.

Mchungaji Sila alisubiri kwa adabu. Kisha akasema dada Hulda amejitahidi, na hakuna anayemlaumu, ila aliyoyasikia na anayoyaona ni mbalimbali. Alipokuwa akisema, macho yake yalikwisha kupima chumba: magunia sita ukuta huu, sita ule, njia ya kupita katikati.

Sentensi moja ya habari za bondeni ingetosha. Hulda alikuwa nayo mdomoni imekamilika. Akaimeza, akageuka dirishani asionekane. Dirishani kilionekana chumba cha dobi, na nyuma yake, beseni.

Hezekia akamwona anavyolitazama lile beseni.

"Mchungaji," alisema, "naomba kisu."

Daktari akampa kisu cha kukatia bandeji. Mzee akatoka nje, wote wakamfuata bila kujua wanafuata nini, akapita chumba cha dobi, akafika kwenye ile mianzi ya kuzuia udongo. Akachagua chipukizi. Akachuchumaa mwenyewe, goti bovu na yote. Mkono wa kushoto ukashika, wa kuume ukavuta, na utando ukaanguka kwenye majani bila sauti. Akahamia la pili. Kutetemeka kulikwisha kabisa. Akahamia la tatu, na hapo, labda kwa kuwa alihisi macho mengi mgongoni, kisu kikazama.

"Punguza," alisema Mchungaji Sila. "Ukikata nene hivyo unaliua."

Yosefu, aliyekuwa akija kuuliza kama safari ipo, alisimama mguu mmoja juu. Mtu yeyote aliyekulia nyanda zile anajua kwamba neno lile haliwezi kutoka kwa mtu aliyesikia tu habari za ulanzi. Mchungaji naye alijua kwamba wamejua. Daktari peke yake ndiye aliyeuliza, kwa Kiswahili chake cha homa, kama Mchungaji anaifahamu kazi hii.

Mchungaji aliligusa kwa kidole lile chipukizi lililokatwa. "Baba yangu alikuwa na mashina sitini," alisema. "Ndiyo yaliyonisomesha."

Kisha akajirekebisha kola, akarudi kuwa mwenyekiti. Akauliza mianzi aliyojifunzia mzee ni ya nani, akaambiwa ya Odilo. Yule Odilo? Huyo huyo. Akauliza kwa siku inagemwa mara ngapi. Hezekia akainamisha kichwa, na Hulda, ambaye kwa miezi miwili aliulizwa swali hilo kila wiki na kulijibu kwa fahari, akajikuta amejibu kabla hajafikiri.

"Themanini, na Jumapili arobaini."

Mchungaji Sila alifahamu mara moja hiyo arobaini inatokana na nini. Akawapa mgongo. Mabega yalimtikisika kitambo kizuri, na alipogeuka alisema ni kikohozi, upepo wa huku ni mbaya. Akatoa hukumu mbili kwa pumzi moja: chumba kitabaki cha mazoezi na yeye mwenyewe atatafuta bati la banda, na Jumapili Mzee Hezekia atasimama mbele ya kanisa, avuliwe uzee, asishiriki Meza ya Bwana mpaka mavuno, na atie dole kwenye daftari la nidhamu kama watu wote.

Hulda alitaka kufurahi, akashindwa. Alipata chumba chake, na mzee wa watu amepoteza jina. Wiki ile hata Bibi Teodora, aliyekuja kupimwa bega na kuapa kwamba safari hii hajala cha mtu, hakumchekesha.

Jumapili kanisa la Makambako lilijaa mpaka nje, maana habari ya kufedheheka kwa mtu haihitaji kengele. Odilo alikuja pia, mara yake ya kwanza kukanyaga kwa Walutheri, akapapasa akakaa benchi la wanawake karibu na Hulda, na hakuna aliyethubutu kumhamisha. Mchungaji Sila akasoma shtaka. Makosa yote yakatajwa: kugema, kuonja, na kuwapotosha watu wa hospitali kwa hesabu. Hapa na pale mtu alikohoa cheko. Hezekia alisimama wima, koti limefungwa vifungo vyote, akasema ni kweli.

Gideoni, mwandishi mpya, ambaye mwandiko wake ni aibu na yeye mwenyewe anakubali, akaleta daftari na kidau cha wino, akanyoosha mkono kulishika lile dole. Hezekia akalirudisha nyuma.

"Nipe kalamu," alisema.

Gideoni akamtazama Mchungaji. Mchungaji akaitikia kwa kichwa kwamba ampe. Mzee akainama juu ya daftari, na kanisa zima likainama naye.

"Anafanya nini?" Odilo alinong'ona.

"Anaandika."

"Amefika wapi?"

"Amesimamisha mguu mmoja wa H."

Ilichukua muda, jamani. Kwaya, kwa kuona kimya kinazidi, ikaanzisha wimbo, ikaumaliza, ikaanza mwingine. Odilo hakuacha kuuliza na Hulda hakuacha kujibu: sasa Z, sasa K, amechovya tena, amepumzika, anaendelea. Wale waliokuja kucheka walikuwa wamesimama juu ya mabenchi waone vizuri, na wengi wao vyeti vyao viliandikwa kwa mkono ule ule. Mwisho Hezekia akaweka kalamu chini, akaomba radhi kwa kuchelewesha ibada.

Mchungaji Sila akavuta daftari ili alifunge. Hakulifunga. Alilitazama, akavaa miwani, akalitazama tena, kisha akalisoma kwa sauti, ingawa katika taratibu za nidhamu hakuna anayetakiwa kulisoma: "Hezekia Mwalongo." Akaliinua juu, akawageuzia watu.

"Mkia upo?" aliuliza Odilo.

"Upo."

"Mrefu?"

Hulda akamshika Odilo mkono, akauchora ule mkia kwa kidole, akauanzia kwenye kiganja, ukapita kifundo cha mkono, ukaendelea mpaka kwenye kiwiko.